Vitabu Safi Kupita Kiasi

Afadhali nianze kwa kukiri kosa, kwa sababu nikilificha mpishi wa shule yetu atalisimulia, na yeye akisimulia hutia chumvi. Mwaka ule maktaba ya shule yetu ilinusurika chupuchupu, na aliyekuwa karibu kuiua ni mimi. Haikuwa kwa uvivu. Nusura niiue kwa kupangusa, kufunika na kupiga pasi.

Usiwaze jengo la vioo. Maktaba yetu ilikuwa stoo ya mahindi katika shule ya msingi upande wa Ndhiwa, kwenye ule udongo mweusi unaovua watu viatu mvua ikinyesha. Tulihamisha magunia, tukaziba mashimo ya panya kwa simenti, fundi akatutengenezea rafu tatu za mbao, basi. Vitabu vyenyewe havikuwa vyetu. Vililetwa na huduma ya maktaba za shule kutoka mjini Homa Bay, ndani ya sanduku kubwa la bati lenye vipini viwili. Kila muhula sanduku moja lilichukuliwa kwenda shule nyingine na jingine likaletwa, ili watoto wasichoke kuona vitabu vilevile. Mimi nilikuwa mwalimu wa Gredi ya Nne, na kwa kuwa siku ya mkutano nilichelewa na wenzangu walishakataa wote, nikawa pia mwalimu wa maktaba.

Wale watu wa huduma walikuwa na sharti moja lililonikera tangu siku ya kwanza. Walisema vitabu vitoke. Mtoto achague kitabu Ijumaa, aandike jina lake mwenyewe kwenye rejista kwa mkono wake mwenyewe, akipeleke nyumbani na akirudishe Ijumaa inayofuata. Nyumbani! Kule kwenye moshi, mbuzi, na wadogo zao wanaokula chochote kinachofika mdomoni. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba watu hao hawajawahi kuishi na watoto.

Lazima nieleze nilivyolelewa, la sivyo mtaniona mchoyo bure. Mimi ni mtu wa Isebania. Nilijifunza kusoma kwa malori. Malori yaliposimama kwenye foleni ya mpaka, sisi watoto tulipita tukisoma maandishi ya nyuma kwa sauti, na wale waliobadilisha pesa kando ya barabara wakitucheka tukikosea. Shuleni kwetu vitabu vya hadithi vilikuwepo, lakini vilifungiwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa mwalimu mkuu. Ukienda kuadhibiwa unaviona. Naapa kuna siku nilichelewa shule makusudi nipate kuviona tena. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba kitabu ni kitu cha kuangaliwa na macho masafi, na mikono ikae mbali. Nilipopewa vitabu mia na zaidi mikononi mwangu mwenyewe, nilivipenda kwa namna hiyo, ya mtu aliyenyimwa.

Lakini sharti ni sharti. Niliviachia, moyo ukiniuma, na Ijumaa ya kwanza nikawasomea watoto sheria kumi na mbili. Wakatikisa vichwa kukubali zote kumi na mbili. Ijumaa ya pili vitabu vikarudi na alama za vidole vya ugali.

Sasa nije kwa msichana mmoja wa darasani kwangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Alikaa dawati la pili kutoka dirishani, mrefu kuliko wenzake, mpole. Alipoingia Gredi ya Nne hakujua kusoma. Alikuwa mwerevu wa kuficha: darasa likisoma pamoja, midomo yake ilikwenda na midomo ya wenzake, ikichelewa kidogo tu. Nilimgundua siku nilipomsimamisha asome peke yake akanitazama kwa macho ambayo hadi leo nikiyakumbuka najuta kumsimamisha. Mwanzoni alichukua maktabani vitabu vya picha vya watoto wa chekechea, akavificha ndani ya daftari ili wenzake wasimcheke. Mimi nilijifanya sioni. Halafu akahamia vya maneno machache, halafu vya maneno mengi, na kabla mwaka haujafika katikati alikuwa anasoma huku akitembea, akigongana na watu, na wala haombi msamaha. Nilifurahi mpaka nikamwandikia dada yangu Isebania ujumbe mrefu wa simu kuhusu mtoto ambaye hata hamjui.

Shida ya msichana huyo ilikuwa moja. Vitabu vyake vilinuka omena.

Mama yake aliuza sokoni omena, wale dagaa wadogo. Alizileta kutoka ziwani kwa magunia, akazianika, akaziuza kwa vipimo vya mkebe, na binti yake akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda. Nilielewa hayo yote. Lakini Ijumaa moja nilifungua kitabu chake nikakuta omena nzima, kavu, imelala katikati ya kurasa, macho wazi, ikinitazama.

"Hii ni nini?" nilimuuliza.

"Ni alama, Madam. Nisisahau mahali nimefika."

"Huna karatasi? Huna hata jani?"

"Karatasi inaanguka, Madam. Omena inashika."

Nilimfokea. Nilimwambia kitabu si sufuria. Akasema ndiyo Madam, akachukua kitabu kingine, na wiki iliyofuata kikarudi na omena ndogo zaidi, nadhani akiamini kosa lilikuwa ukubwa.

Hata hivyo, nikisema ukweli, ulikuwa mwaka mtamu. Darasa langu lilianza kunibishia, na mwalimu yeyote anajua kwamba darasa linalobisha ni darasa linalosoma. Insha zilizokuwa zikianza zote kwa maneno yaleyale zilianza kuwa na fisi waongo, bibi wenye hasira, mvua inayonyesha mahali pasipotarajiwa. Mpishi wetu, mtu mzima na mwiko wake, aliomba aruhusiwe kuazima, akawa anasoma kando ya sufuria ya maharagwe hadi maharagwe yakaungua siku mbili mfululizo. Nilikuwa naingia maktabani Ijumaa nakuta watoto wamejipanga hadi nje, na rafu zikibaki na vitabu vitano sita vilivyolala ubavu, na mimi moyoni nikiona uchungu na raha kwa pamoja.

Ndipo simu ikaja. Mwalimu mkuu alituita ofisini akatwambia afisa wa huduma ya maktaba atatutembelea Jumanne ijayo. Kulikuwa na shule nyingi zinazosubiri masanduku, akasema, na afisa anapita kila mahali kukagua. Pale atakapokuta vitabu havisomwi, sanduku litapakiwa na kwenda kwingine siku hiyohiyo.

"Madam," akaniambia, "nataka rafu zijae. Nataka kila kitabu kiwe mahali pake. Mgeni asione aibu."

Yeyote aliyesoma au kufundisha shule za huku anajua mgeni wa ofisi anavyopokewa. Mawe ya njiani hupakwa chokaa. Nyasi hukatwa. Watoto huambiwa waje na sweta hata kama jua linawaka. Vyoo hupata maji ambayo mwaka mzima hayakupatikana. Sisi hatumwonyeshi mgeni tunavyoishi, tunamwonyesha tunavyoheshimu. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu ofisini mle, watu wazima wenye vyeti, aliyejiuliza afisa wa maktaba anakuja kutafuta nini.

Siku ya Alhamisi nilitangaza kwenye paredi kwamba vitabu vyote virudi kesho, hata ambavyo havijaisha. Ijumaa vikarudi, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na kingine. Msichana wangu alileta chake akiwa wa mwisho. Alikishika hadi nikakivuta kidogo.

"Madam, kimebaki kurasa chache tu."

"Utakipata mgeni akienda."

"Lakini Madam, si mimi peke yangu..."

"Mgeni akienda," nilisema, nikakichukua. Omena ilikuwa ndani, bila shaka. Nikaitupa dirishani, kuku wa mpishi akaidaka.

Jumamosi nilikwenda mjini Suna nikanunua karatasi za kaki, na Jumapili baada ya misa nilianza kazi. Nilifunika kila kitabu kava jipya. Nilipangusa kurasa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni kidogo zaidi. Pale kona zilipokunjwa nilizinyoosha, na zilipokataa kunyooka nilileta pasi ya mkaa nikazipiga pasi. Ndiyo, nilipiga vitabu pasi. Kisha nikaviweka chini ya mawe usiku kucha vikanyooka kama mashati ya kanisani.

Rejista ilikuwa imebaki. Ilikuwa aibu tupu ile rejista: majina yaliyoandikwa kwa kalamu za kila rangi, mengine yakipanda mlima, mengine yakiteremka, vidole vya mafuta, tone la chai, na mahali pamoja mtoto alikuwa amechora ng'ombe. Nikanunua daftari jipya la jalada gumu, nikanakili kila kitu kwa mwandiko wangu mzuri, kwa kalamu moja ya buluu. Ile ya zamani nikampa mpishi awashie moto. Jumatatu jioni nilisimama mlangoni mwa maktaba nikaangalia. Rafu tatu zimejaa, zimenyooka, zinang'aa. Nilijipongeza kwa sauti.

Afisa alifika Jumanne saa nne asubuhi, akiendesha pikapu mwenyewe. Mwanamume wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sauti ya chini. Alipita kwenye mawe ya chokaa bila kuyaangalia, jambo ambalo mwalimu mkuu hajamsamehe hadi leo. Nilimfungulia maktaba nikasimama kando nikisubiri sifa.

Alisimama katikati ya chumba kwa muda mrefu. Akavaa miwani. Akatoa kitabu kimoja, akakifungua, kikajifunga chenyewe kwa jinsi nilivyokinyoosha. Akakinusa. Kikanuka sabuni. Akatoa cha pili, cha tatu, cha kumi.

"Mwalimu," akasema, "vitabu hivi vimekaa hapa tangu lini?"

"Tangu muhula uanze."

"Na vinasomwa?"

"Sana!"

Akaomba rejista. Nilimpa kwa mikono miwili. Akafunua ukurasa baada ya ukurasa, na nikaona anachokiona. Mwandiko mmoja. Kalamu moja. Miezi mitatu ya majina ya watoto, yote ya jana. 

"Nilinakili," nikasema. "Ya zamani ilikuwa chafu."

"Iko wapi hiyo ya zamani?"

"Imechomwa."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. Akaomba kuwaona watoto. Nikampeleka Gredi ya Nne, nikijua watoto wangu wataniokoa. Sikujua kwamba mwalimu mkuu alikuwa amepita asubuhi kuwafunza majibu.

"Hamjambo watoto? Mnapenda vitabu?"

"Ndiyooo!"

"Mnavitunza?"

"Ndiyooo!"

"Huwa mnavipeleka nyumbani?"

Watoto arobaini na kitu wakapima lile swali. Nyumbani ndiko vilikochafukia. Nyumbani ndiko kulikomfanya Madam agombeze. Mtoto mwenye akili angejibu nini?

"Hapanaaa!"

Nilitaka ardhi inimeze. Msichana wangu wa dawati la pili peke yake hakufungua mdomo. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikwaruza dawati kwa ukucha.

Tulirudi uwanjani. Nilijitetea, na nikijitetea huwa napandisha sauti, kwa hiyo nusu ya shule ilinisikia. Nilimweleza kuhusu Ijumaa, foleni, maharagwe yaliyoungua. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza.

"Mwalimu, sitaki kukuita mwongo," akasema. "Lakini kila shule huniambia hivyo. Kuna shule kule ufukweni imeomba sanduku kwa miaka miwili. Mimi naweza tu kuangalia ninachoonyeshwa."

Alitoa vitabu rafuni yeye mwenyewe, kwa upole, akavipanga sandukuni. Mwalimu mkuu alishika kipini kimoja yeye akashika kingine, wakalipakia sanduku kwenye pikapu. Watoto walikuwa wametoka kwa mapumziko wakasimama wakiangalia. Hawakupiga kelele. Mimi ni mtu wa hasira, silii ovyo, lakini pale nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, mpishi akanipa kitambaa chake kinachonuka vitunguu, nikazidi kulia. Nilikuwa nawaza yule msichana: mtoto aliyevuka kutoka kutojua hadi kujua, na mimi nimemkatia daraja akiwa katikati.

Niliporudi uwanjani afisa alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Hapo ndipo mwanamke akaingia getini, karai la omena kichwani, anatembea kwa kasi ya mtu anayekwenda kudai haki. Nilimtambua. Alikuwa mama wa msichana. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu, kwa sababu Kidholuo changu ni cha kununulia mboga tu, na Kikuria, lugha yangu, yeye hana kabisa. Kati yetu kulikuwa na Kiswahili.

Alitua karai chini mbele yangu.

"Madam, habari yako. Mimi sitaki maneno mingi. Nyathina, mtoto wangu, amenyang'anywa kitabu siku ya Ijumaa. Nani alichukua?"

"Ni mimi, mama. Lakini..."

"Kwa nini unachukua kitabu kama haijaisha?"

"Kulikuwa na mgeni..."

"Mgeni alikuja kusoma hiyo yetu?" Alishika kiuno. "Madam, unajua umetufanya nini? Tuko wamama saba pale soko. Huyu mtoto anatusomea kila jioni. Anasoma Kiswahili, halafu anatuambia kwa Kidholuo. Sasa punda imepotea, nyayo imefika mtoni, ng'ambo kuna alama ya kiatu, halafu kitabu inachukuliwa! Tangu Ijumaa watu hawauzi vizuri. Wanabishana. Mmoja anasema ni jirani alichukua punda, mwingine anasema ni yule mchuuzi. Mimi nimesema ni shemeji. Jana nusura watu washikane."

Afisa aliufunga mlango wa gari taratibu, naye akiwa nje.

"Mama," akasema, akija, "samahani. Hadithi gani hiyo?"

Mama alimpima juu hadi chini. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mgeni."

"Aa. Basi ni wewe umeleta hii shida."

Nilitaka kumzuia, afisa akaniashiria nimwache. Akamwomba amsimulie. Na yule mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata mwaka mmoja, akaanza. Palikuwa na mjane mfinyanzi, akampakia punda wake vyungu vya soko, akaingia nyumbani kuchukua kanga, akatoka akakuta punda hayupo na vyungu havipo. Alisimulia kila chungu. Alisimulia jirani alivyojifanya amelala. Alipofika kwa shemeji, yule aliyekuwa akilidai shamba la marehemu, sauti yake ikapanda mpaka nikaelewa kwamba shemeji huyo hakutoka kitabuni peke yake. Afisa alikuwa amefungua nyuma ya pikapu, akafungua sanduku, akapekua hadi akakipata kitabu. Akawa anafuata kwa kidole.

"Hapana, umefungua mbali," mama akamwambia, akichungulia. "Rudi nyuma. Tafuta picha ya mto. Sisi tumefika hapo kwa mto."

Afisa akarudi nyuma. Mto ukatokea.

"Hapo. Omena ilikuwa hapo." Akanigeukia. "Madam, na hiyo omena uliweka wapi?"

"Niliitupa, mama."

"Ilikuwa nzuri," akasema, kwa masikitiko ya kweli.

Afisa alivua miwani akaipangusa, na nikaona mabega yake yanatetemeka. Alikuwa anacheka, mtu yule mpole, hadi akaegemea pikapu. Mimi nami nikaanza kucheka huku machozi ya kwanza hayajakauka. Mwalimu mkuu akacheka kwa sababu afisa anacheka. Mama peke yake hakuona la kuchekesha.

"Mwite mtoto," afisa akaniambia. "Amsomee mamake huo mwisho hapahapa. Kurasa zenyewe ni nne."

Nilimwita msichana akaja mbio. Alipewa kitabu, akakifungua, akavuta pumzi asome. Mama yake akaziba ukurasa kwa kiganja.

"Hapana," akasema. "Nisikie mwisho peke yangu, na wenzangu wako soko? Nitawaangalia na macho gani? Hii tutasoma pamoja jioni. Tupatie tuende nayo."

Afisa akatazama lile sanduku. Kitabu kilikuwa cha sanduku, na sanduku lilikuwa limeshapakiwa kwenda ufukweni. Akatazama watoto waliojazana uwanjani na sweta zao kwenye jua. 

"Mwalimu mkuu," akasema, "nisaidie kushusha hili."

Watoto walielewa kabla yetu. Kelele iliyopanda pale iliwatoa walimu wa madarasa mengine mbio, wakidhani ni nyoka. Sanduku likashushwa, na safari hii vipini viwili havikutosha walivyokuwa wengi walioshika. Afisa aliniambia shule ya ufukweni atawatafutia jingine hata kama ni kwa kulitoa sebuleni kwake. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba akirudi muhula ujao akakuta rafu zimejaa, ataondoka na sanduku pamoja na mimi ndani yake. Nilimjibu ndiyo, kwa unyenyekevu ambao wanafunzi wangu hawajawahi kuuona.

Tuliingia maktabani kuandikisha kitabu. Nilichukua kalamu nikafungua rejista, mkono ukaanza wenyewe kuandika. Afisa akanisimamisha.

"Anayeazima ndiye anayeandika. Na leo anayeazima ni mama."

Mama akarudi nyuma hatua moja. Ule ukali wote uliotoka naye sokoni ukamwishia. Akatazama mikono yake yenye magamba ya omena, akaificha ndani ya leso.

"Mimi sijui," akasema.

Ndipo binti yake akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu, bila kuniomba ruhusa, akainama juu ya meza. Akaandika jina la mama yake. Majina yote matatu, kwa herufi kubwakubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama anavyofanya kwenye hesabu ngumu. Mama alikuwa ameinama kando yake, akifuata kalamu. Ilipofika mwisho wa mstari akamuuliza jambo kwa Kidholuo, polepole, na hicho hata mimi nilikielewa. Alimuuliza kama hiyo yote ni yeye.

"Ee, Mama," msichana akajibu. "Yote."

Mama alitoa kidole kwenye leso akakipitisha chini ya jina lake, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuligusa.  Mimi nilikuwa nimekisoma kile kitabu zamani na nilijua kwamba mwizi wa punda si shemeji. Nilifunga mdomo.

"Andika tena," akamwambia binti yake, sasa kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Pole pole. Nione vile inaanza."

"Haiwezekani, Mama. Kitabu kimoja, jina mara moja."

Mama akanyoosha mgongo, akaligeukia sanduku lililo wazi.

"Basi nipatie kitabu ingine," akasema.

Tulimpa vitatu.